Mzee Aliyeachiwa Mizigo: Kuisoma Upya Barua ya Petrarca Kutoka Mont Ventoux

Ukikuta makala ya Kizungu inayosifu raha ya kupanda milima, vumilia aya mbili tatu hivi, utaona jina la Francesco Petrarca linaingia. Utaambiwa kwamba tarehe 26 Aprili 1336 mshairi huyu Mwitalia alipanda Mont Ventoux, mlima ulioko kusini mwa Ufaransa, bila haja yoyote iliyompeleka. Hakuwa akiwinda, hakuwa akitafuta njia ya biashara, wala hakuwa akikimbia vita. Alitaka tu kuona kinachoonekana kutoka juu. Halafu utaambiwa hapo ndipo mambo yote yalipoanzia: utalii wa milimani, kupenda mandhari, na hata huyo anayeitwa mtu wa kisasa.

Habari yote hii tunaipata kwenye barua moja ya Kilatini aliyoiandika Petrarca mwenyewe. Mimi Kilatini sikijui, nimeisoma kwa tafsiri, lakini nimeirudia mara nyingi kiasi cha kuanza kugombana nayo. Maoni yangu ni kwamba barua hii ni nzuri kuliko inavyosifiwa, na kasoro yake ni kubwa kuliko watu wanavyokiri. Uzuri na kasoro hiyo vinakutana kwa mtu mmoja ambaye hakupewa hata jina. Ni mzee mchunga kondoo. Anatokea chini ya mlima, anasema yake, anaonyesha njia, kisha anaachwa nyuma na mizigo. Nataka tumzungumzie huyo mzee.

Kwanza habari yenyewe

Kwa asiyeijua, hadithi ni hii. Petrarca ana miaka 31. Tangu utotoni ameishi sehemu za Avignon, na mlima huo ameuona kila siku, maana unaonekana kutoka mbali pande zote. Siku moja anarudia kusoma historia ya Roma ya Livius, anafika pale mfalme Filipo wa Makedonia anapopanda mlima Haemus akiamini kwamba ukiwa juu unaona bahari mbili kwa mpigo. Wazo linamshika. Kama mfalme mzee hakulaumiwa kwa hilo, kijana raia wa kawaida atalaumiwa kwa nini?

Sasa aende na nani? Hapa kuna ukurasa mtamu kabisa. Anawapitia marafiki zake mmoja mmoja kichwani na kuwatupa wote. Huyu mzito mno, yule ana haraka mno, huyu ana huzuni, yule anacheka kupita kiasi, mmoja mnene, mwingine hana nguvu. Tabia ambazo nyumbani unazivumilia, anasema, zikiwa safarini hazivumiliki. Mwisho anamchagua mdogo wake, Gherardo. Aliyewahi kuanzisha kundi la WhatsApp la watu wa kupanda mlima Jumamosi atacheka hapa kicheko cha mtu aliyekamatwa.

Wanafika kijiji cha Malaucène jioni, wanapumzika siku moja, na siku inayofuata wanapanda, ndugu wawili na watumishi wawili. Mont Ventoux una mita 1,909 hivi. Ukiulinganisha na milima yetu utasema ni mdogo, maana Longonot peke yake, ambao kwetu ni mlima wa kwenda na kurudi siku hiyohiyo, una mita 2,776. Ila Malaucène iko chini sana, karibu mita 350 tu juu ya bahari. Anayetoka hapo kwa miguu anapandisha zaidi ya mita 1,500, halafu arudi usiku haujawa mwingi. Longonot, kuanzia getini mpaka kileleni, hupandishi hata nusu ya hizo. Kwa hiyo jamaa hakuwa anacheza.

Njiani Gherardo anashika mgongo wa mlima na kupanda moja kwa moja. Petrarca anatafuta njia ya nafuu. Kila anapopata njia inayoonekana laini inamteremsha bondeni, na mdogo wake anazidi kuwa juu, akimwita. Anapotea hivyo mara tatu au zaidi. Mwisho anakaa chini bondeni, amechoka na amejikasirikia, na hapo mlima unageuka kuwa somo: maisha ya heri yako juu, njia yake ni nyembamba, na yeye amekuwa akizunguka mabonde ya dhambi zake.

Kileleni anaona mawingu yakiwa chini ya miguu yake. Anaelekea upande wa Italia, anaikumbuka kwa uchungu. Anajihesabia kwamba imetimia miaka 10 tangu aache masomo Bologna. Anatazama magharibi: milima ya upande wa Lyon, bahari ya upande wa Marseille, na mto Rhône uliotandaa chini ya macho yake. Kisha anatoa mfukoni kitabu kidogo, Maungamo ya Mtakatifu Augustino, alichopewa na huyohuyo anayemwandikia barua, padre Dionigi da Borgo San Sepolcro. Anakifungua popote. Kinafunguka kitabu cha kumi, mahali ambapo Augustino anawashangaa watu wanaosafiri kwenda kustaajabia milima na bahari na nyota huku nafsi zao wamezisahau. Petrarca anakifunga. Anajikasirikia kwa kustaajabia vitu vya dunia. Anateremka bila kutamka neno, na kwenye nyumba ya wageni walikofikia, watumishi wakiwa wanaandaa chakula cha jioni, anajitenga na kuandika barua.

Je, alipanda kweli?

Swali hili ni la haki, na wasomi wameligombania. Mtaalamu wa Kiitalia Giuseppe Billanovich, katika miaka ya 1960, alitoa hoja kwamba barua haikuandikwa usiku ule wa 1336 hata kidogo. Iliandikwa karibu 1353, wakati Petrarca alipokuwa akipanga na kusawazisha barua zake ziwe kitabu. Kufikia hapo padre Dionigi alikuwa amekufa zaidi ya miaka 10. Na Gherardo, yule wa kupanda moja kwa moja, alikuwa ameingia utawa mwaka 1343, katika nyumba ya Wakartusi huko Montrieux. Unaona sasa. Mdogo aliyechagua njia nyembamba ya Mungu anapanda wima bila kuyumba, na kaka mshairi, mwenye mapenzi yake na tamaa ya sifa, anahangaika mabondeni. Mambo yamekaa vizuri mno kwa kitu kilichoandikwa harakaharaka huku supu ikichemka.

Kuna wasomaji ambao wakisikia hivyo wanaona wameibiwa. Mimi sioni hivyo. Msomaji wa fasihi hamwombi mwandishi risiti ya geti. Anauliza kama maandishi yanajua kitu, na haya yanajua. Ile habari ya kutafuta njia laini ikakuteremsha ni ya mtu ambaye miguu yake imewahi kumdanganya.

Nilipopanda Longonot niliyahakikisha haya kwa magoti yangu. Njia ya kwenda ukingoni ni ya majivu ya volkano, na mvua imeichimba ikawa mitaro ya kukuzidi kiuno mahali pengine. Mtaro una mwinuko mkali na vumbi, kwa hiyo unaona kijia pembeni kinachopita kwenye majani, kimetulia, unakifuata. Hatua 100 baadaye kijia kinakata kushoto, kinashuka, kinaishia kwenye kichaka. Unarudi. Mwenzako aliyebaki mtaroni sasa yuko juu, anakunywa maji, anakutazama. Wala hasemi kitu, na ndiyo inauma zaidi. Petrarca angeweza kuipata Biblia yote ya njia nyembamba na njia pana bila kutoka mezani, lakini ile aibu ya kuonekana na mwenzako aliye juu, sidhani kama meza inaifundisha. Kwa hiyo mimi nasema alipanda, kama si siku hiyo basi siku nyingine, na kama si mlima huo basi mwingine. Alichofanya baadaye ni kuipa mapito yake maana.

Ninapogombana naye ni kwingine kabisa.

Mzee mchunga kondoo

Mwanzoni mwa kupanda, kwenye mikunjo ya mlima, wanamkuta mzee. Anajaribu kuwazuia kwa maneno mengi. Anawaambia kwamba miaka 50 iliyopita na yeye alikuwa kijana mwenye moto kama wao, akapanda mpaka juu kabisa, na hakurudi na chochote ila majuto, uchovu, na mwili na nguo zilizochanwa na mawe na miiba. Tangu hapo, na hata kabla yake, hajasikia mtu mwingine aliyethubutu. Vijana hawasikii. Kadiri anavyopiga kelele ndivyo hamu inavyowapanda. Mzee akiona kwamba hawashikiki, anatoka nao kidogo, anawaonyesha njia kati ya mawe, anawapa mawaidha mengi, na anaendelea kuwapigia kelele mpaka wameshamwacha mbali. Wao wanamwachia nguo za ziada na kila kitu ambacho kingewazuia.

Basi. Hatumwoni tena. Hatuambiwi hata walivyochukua nguo zao wakati wa kurudi.

Hebu soma tena polepole. Huyu mzee amefika kileleni nusu karne kabla ya Petrarca. Ndiye anayejua njia, na bila kidole chake pengine ndugu hawa wangezunguka mlima kutwa. Anakatazwa kusikilizwa na mwandishi, halafu anatumiwa na mwandishi huyohuyo kama ramani na kama kabati la nguo. Tena si yeye tu. Barua inasema kilele cha juu kabisa watu wa misituni walikiita kwa jina lenye maana ya Mwana, na Petrarca anashangaa mbona kinaitwa mwana wakati kinaonekana kama baba wa milima yote ya jirani. Jina halijipachiki lenyewe. Kilele chenye jina la utani kimeshatazamwa, kimeshazungumzwa na kutaniwa na watu wengi muda mrefu.

Kwa hiyo ule usemi kwamba Petrarca ndiye wa kwanza kuupanda mlima kwa ajili ya kutazama tu, mtu wa kwanza kuukana ni Petrarca mwenyewe. Mzee naye alipanda kwa moto wa ujana, bila kondoo aliyepotea wa kumsingizia. Aliyeifanya barua hii kuwa mwanzo wa zama ni msomaji wa baadaye, hasa mwanahistoria Jacob Burckhardt, ambaye kitabu chake cha 1860 kuhusu ustaarabu wa Renaissance huko Italia kilimpa Petrarca cheo hicho. Burckhardt aliisoma barua yenye watu wawili waliopanda kwa hamu ileile, akamwona mmoja. Sababu iko wazi: huyo mmoja ndiye aliyekuwa na kalamu.

Sisi wa upande huu tunaijua hadithi hii vizuri, na ndiyo sababu inaniuma nikiikuta mpaka kwa Petrarca. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer, Mjerumani, na Ludwig Purtscheller, Mwaustria, walifika kilele cha Kibo, na Meyer akakipa jina la mfalme wake. Wachaga walikuwa na jina la Kibo siku zote hizo. Kwenye kitabu cha Meyer yumo Muini Amani, Mswahili wa Pangani, aliyekaa na Wazungu hao kambi ya juu kwenye baridi, akitunza moto na chakula, wakati wapagazi wengine wamerudishwa chini. Angalau jina lake limeandikwa. Alichokiona yeye asubuhi zile kutoka mlangoni mwa hema hakikuandikwa popote.

Longonot nao una yake. Joseph Thomson, Mskoti, aliupanda katika safari ya 1883 hadi 1884 na kuusimulia kwenye kitabu chake cha 1885 kuhusu nchi ya Wamaasai. Ukurasa wake wa kreta unasisimua: anasema alipofika ukingoni na kuona shimo lile chini yake, alishikwa na msukumo wa ajabu wa kujitupa ndani. Lakini Thomson huyu hakuingia nchi ya Wamaasai kama mtu wa kwanza kutoka nje. Sehemu ya njia alisafiri na msafara wa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani, mtu ambaye tayari alizijua njia hizo. Shimo la Longonot likaingia kwenye vitabu kama kitu alichokigundua Thomson, na jina lenyewe la mlima ni la Kimaasai.

Alichokiona na asichokiona

Sasa turudi kileleni na Petrarca, maana hapo ndipo kumwacha mzee kunapomgharimu.

Hesabu anachokiona. Mawingu chini ya miguu: anaikumbuka milima ya Athos na Olympus aliyoisoma. Milima ya Alps: anamkumbuka Hannibal aliyevunja miamba kwa siki, kama alivyosimulia Livius. Upande wa Italia: anakumbuka miaka yake. Pirenei anazitafuta, hazionekani. Rhône, mto mkubwa uliolisha mabonde yote yale, unapata kifungu kimoja tu. Bonde lenye mashamba, vijiji, makanisa, barabara za kwenda Avignon alikokuwa akiishi na kufanya kazi, halipo. Hakuna moshi wala mtu hata mmoja.

Kisha anafungua kitabu, kitabu kinamwambia kutazama nje ni upuuzi, na yeye anakubali. Mbona asikubali? Mandhari aliyokuwa anatazama ilikuwa tayari imejaa vitabu. Hasara aliyopata kwa kuifunga ilikuwa ndogo.

Wahakiki wengi wanaliona tukio hili kama kilele cha pili cha barua: mtu anapanda mlima wa nje ili agundue mlima wa ndani. Na kweli, kwa ufundi, limepangwa kwa akili sana. Lakini mimi nauliza hivi: ile njia ya kuchagua, ama nafsi yangu ama milima, nani aliileta? Augustino analaumu watu wanaotazama milima na kujisahau. Halaumu kitu kinachowezekana kabisa, yaani kutazama bonde na kuwakumbuka watu wanaokaa bondeni. Hilo halimo katika hesabu ya Augustino, na Petrarca hakulitia.

Nilijifunza hilo kwa mtu mwingine, si kwa kitabu. Kijana aliyetuongoza Longonot alizaliwa upande wa Naivasha. Tulipofika kileleni sisi tulifanya kile kila mtu anachofanya: simu juu, kreta nyuma, moja ya kundi, moja ya peke yako, moja ya viatu. Yeye alikaa akiwa ameipa kreta mgongo. Nikamuuliza anatazama nini. Akanyoosha kidole ziwani akasema, "Maji yamepanda tena. Ule upande, mjomba wangu alikuwa amepanga nyumba pale. Sasa ni viboko." Halafu akanionyesha mahema ya plastiki ya mashamba ya maua, akaniambia ni lipi mama yake alifanya kazi na ni lipi lilifungwa. Akanionyesha barabara na sehemu ambayo ng'ombe hupitishwa kiangazi. Kwa dakika kumi hivi lile bonde, ambalo kwangu lilikuwa picha tu, likawa na wakaaji.

Sisemi kijana yule ana macho bora kuliko Petrarca kwa sababu ni mwenyeji. Wapo wenyeji ambao mlima kwao ni ajira tu, na ni haki yao. Ninachosema ni kwamba alichoniambia kilifuta lile swali la Augustino. Kumtazama mjomba aliyehamishwa na maji si kujisahau. Wala si kustaajabia uumbaji kwa mdomo wazi. Ni kuwajali watu, kwa kutumia urefu wa mlima.

Na mtu pekee katika barua ya Petrarca ambaye angeweza kumwonyesha bonde kwa namna hiyo ndiye yule mzee. Amechunga pale miaka 50 na zaidi. Angemwambia ni kijiji gani kilikosa mvua, ni ukoo gani ulihama, mbwa mwitu hutokea upande upi. Lakini mzee yuko chini, amekaa na nguo za watu.

Utetezi wa mzee haupo, lakini wa Petrarca upo

Nisiwe mwonevu. Kuna hoja ya kumtetea Petrarca, na ni nzito. Msomaji mmoja anaweza kuniambia: wewe unamjua huyo mzee kwa sababu nani amekuambia? Petrarca. Kama angetaka kuwa wa kwanza, si angemfuta tu? Hakuna ambaye angejua. Lakini alimweka, akampa miaka 50, akampa nguo zilizochanika, na akamwacha aseme kwamba kileleni hakuna kitu ila majuto. Tena mwisho wa barua, Petrarca mwenyewe anateremka akiwa na majuto. Akigeuka kukitazama kilele, anakiona kama kimo cha dhiraa moja tu ukikilinganisha na kimo cha fikra za binadamu. Yaani mzee alisema kweli tangu asubuhi.

Naikubali hoja hii, na ndiyo inayonifanya niseme barua ni nzuri kuliko sifa zake. Maneno ya mzee yanazunguka mlima mzima na kumrudia aliyeyadharau. Aliyekuwa ameyasikia asubuhi bure, jioni anayanunua kwa jasho, kupitia kwa mtakatifu wa Afrika Kaskazini aliyekufa miaka 900 kabla yake. Ndicho kichekesho kikali cha barua hii, na sijui kama Petrarca alikikusudia. Kama alikikusudia, alikuwa msanii mkubwa zaidi ya tunavyomdhania. Kama hakukikusudia, basi mzee alimshinda ndani ya barua yake mwenyewe.

Ila tofauti inabaki. Majuto ya mzee yalikuwa na ushahidi wa mwili: mawe, miiba, nguo. Majuto ya Petrarca yanatoka kitabuni na yanampandisha cheo, kwa sababu mtu anayejilaumu kwa Kilatini kizuri kiasi kile anaonekana wa kiroho. Mmoja aliumia akanyamaza miaka 50 mpaka alipoona vijana wanakwenda kuumia. Mwingine aliumia akaandika usiku uleule, au angalau anataka tuamini hivyo.

Kwa nini tuisome sisi

Siku hizi huku kwetu watu wanapanda milima kwa wingi. Longonot, Ngong, Uluguru, Meru, kila wikendi kuna basi dogo limejaa vijana wenye vijiti na chupa za maji. Na wanaandika, kwenye kurasa zao na kwenye vikundi vyao, kwa Kiswahili na kwa sheng. Nimesoma maandishi mengi ya namna hiyo, mengine mazuri sana. Kinachonishangaza ni jinsi yanavyofuata barua ya Petrarca hatua kwa hatua bila wandishi wake kuijua: kuchagua wenzako, kuchoka, kutaka kukata tamaa, kufika, kujifunza jambo kuhusu nafsi yako, kurudi. Mlima umenifundisha kwamba ninaweza. Sawa, hongera. Na yule aliyekuonyesha njia? Anaitwa "guide wetu", kama ametajwa.

Barua zimeandikwa za kutosha na wanaopanda. Tunachokosa ni maandishi ya upande wa pili, na lugha yetu si ngeni kwa kazi hiyo. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha kitabu cha Safari za Wasuaheli, na ndani yake yumo Salim bin Abakari, mtu wa asili ya Ngazija, aliyekwenda Urusi na Siberia mwaka 1896 akiwa mtumishi wa Mjerumani, Dr. Bumiller. Safari ilikuwa ya bwana, lakini masimulizi ni ya Salim. Hebu fikiria kwamba mmoja wa wale watumishi wawili wa Ventoux, waliopanda mlima uleule kwa miguu yao, halafu wakarudi kupika wakati bwana anaandika, naye ameacha barua yake. Tungejua Gherardo alizungumza nini na Petrarca aliponuna njia nzima. Tungejua kama kweli waliteremka kimya, au kama huko nyuma watumishi walikuwa wanacheka.

Isome barua ya Petrarca. Ni fupi, unaimaliza kwa muda wa kunywa chai, na utakutana na mtu mwenye akili anayehangaika na nafsi yake bila kujificha. Ila ukifika pale wanapomwachia mzee nguo, usikimbilie juu pamoja nao. Kaa naye kidogo, umtazame anavyokunja nguo zile na kuwapigia kelele wale vijana. Anajua kilichoko juu, na bonde lililoko nyuma yake analijua zaidi, lakini kwa miaka karibu 700 ya kusomwa kwa barua hii hakuna msafiri aliyemuuliza.